Pasipoti Iliyoshonwa Upya

Hakuna kitabu kilichoingia katika karakana ya Mama Jalada kikiwa mgonjwa kikatoka bila kupona. Kamusi zilizomwaga kurasa, vitabu vya sala vilivyonyofoka migongo, albamu za harusi zilizotafunwa na panya, vyote vilipita mikononi mwake vikarudi kwa wenyewe vimesimama wima. Ukimsifu, alikujibu bila hata kuinua uso, "Hakijazaliwa kitabu cha kunishinda." Alikuwa fundi hodari, na alijijua kuwa hodari, na hapo ndipo ugonjwa wake ulipokuwa.

Siku moja dada yake mkubwa alimpigia simu kutoka ng'ambo. Dada huyu, muuguzi, ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki, akamsomesha, akamnunulia sindano yake ya kwanza ya kushonea vitabu. Walikuwa hawajaonana kwa miaka mingi.

"Mdogo wangu, macho yananiacha," alisema. "Daktari anasema ni presha ya macho, na kilichokwenda hakirudi. Njoo nikuone wakati bado naona."

"Nitakuja, dada."

"Njoo kama mtalii. Watu wa kwetu siku hizi hawadaiwi viza huku. Tutatembea, uniambie milima ilivyo mahali nisipoiona vizuri."

Mama Jalada aliweka simu chini akalia. Alipomaliza kulia alijifuta uso kwa upindo wa nguo yake, akafunga karakana, akaenda kukata tiketi ya kwenda na kurudi. Alikuwa amekata shauri: dada yake hangeingia gizani kabla hawajatazamana.

Ikabaki pasipoti. Aliichomoa chini ya sanduku la nguo akaikuta imevimba kwa unyevu, jalada limebanduka, uzi umelegea, na kurasa mbili zinaning'inia. Muda wake wa kutumika ulikuwa bado mrefu. Mumewe, dereva wa gari la wagonjwa, aliitazama akatikisa kichwa.

"Mama watoto, hii ipeleke uhamiaji wakupe nyingine."

"Nikapange foleni kwa ajili ya kushonewa kitabu? Mimi?"

"Hicho si kitabu."

"Kina jalada, kina kurasa, kina uzi. Ni nini basi, sufuria?"

"Ni mali ya serikali."

"Basi serikali itanishukuru."

Dereva aliishi naye muda wa kutosha kujua kwamba maneno yakishafika hapo, hayasogei. Alichukua funguo zake akaenda kazini.

Mama Jalada alifanya kazi ile kwa mapenzi. Alizikausha kurasa moja moja, akatoboa matundu mapya, akashona kwa uzi uliopakwa nta, akapaka gundi mgongoni na kuibana pasipoti katikati ya mbao mbili. Mwisho, kwa kuwa kingo zilikuwa zimechakaa, alizipitisha kwenye kisu cha kukatia karatasi akazinyoa kidogo tu, kiasi cha unywele. Ilipotoka ilikuwa nzuri kuliko siku ilipozaliwa. Aliifungua na kuifunga, akaifungua na kuifunga tena, kwa raha tu ya kuitazama.

Kwenye uwanja wa ndege, binti wa kaunta alimpokea kwa heshima. Alitaka kuona tiketi ya kurudi, ilikuwepo. Alitaka kujua atafikia wapi. Mama Jalada akatoa barua ya mwaliko yenye anwani ya dada yake. Alitaka uthibitisho wa fedha za kujikimu, nao ukatolewa. Kisha akaiweka pasipoti kwenye mashine. Mashine ikakataa. Akajaribu tena. Akaipapasa kingo kwa kidole, akauchungulia mgongo wake, akainua uso polepole.

"Mama, nani ameishona hii?"

"Mimi mwenyewe," alijibu Mama Jalada, kifua mbele. "Imependeza, sivyo?"

Binti alishusha sauti, maana nyuma kulikuwa na foleni ya watu wenye masikio. "Imependeza, mama yangu. Lakini siwezi kukupandisha ndege."

"Kwa nini? Si kule hawataki viza!"

"Hawataki viza, ndiyo, lakini mlango hawajaung'oa. Wanataka pasipoti nzima ambayo haijachokonolewa na mtu. Hii ina matundu mapya na kurasa zimekatwa. Atakayeiona atadhani kuna ukurasa umechomolewa au umechomekwa. Watakurudisha, na huenda wakakuhoji kwanza kama mghushi."

Aliona aibu, na kubwa kuliko aibu aliona hofu, kwa sababu macho ya dada yake hayakuwa na subira. Mikono ile ile aliyojivunia maisha yake yote ndiyo iliyomzibia njia.

Mumewe alikuwa bado nje, akingoja kuiona ndege ikiruka. Alimkuta mkewe akiburuta sanduku kurudi kwenye gari.

"Sema," Mama Jalada alimwambia. "Sema kwamba uliniambia."

"Sisemi kitu. Nikupeleke nyumbani?"

"Nyumbani kuna nini? Nipeleke uhamiaji."

Aliingia uhamiaji na sanduku lake kama mtu aliyekosea kituo. Afisa mmoja, mzee mwenye miwani mizito, alisikiliza habari yote hadi mwisho, kisha akashusha pumzi.

"Ungeniletea imechanika, mama, ningekuwa na kazi ya uchakavu tu. Sasa umeitengeneza, lazima kwanza nihakikishe hukughushi. Nitahitaji maelezo yako, na watu wa kuaminika wanaokujua. Una nani wa kukusemea?"

Swali hilo lilimchoma. Waliomjua walikuwa wengi, lakini katika utu uzima wake hakuwahi kumwomba mtu yeyote chochote. Hata hivyo alikwenda. Kwa mara ya kwanza alibisha hodi kwa wateja wake bila kitabu mkononi. Mwanasheria aliyeshonewa naye vitabu vya sheria akamwandikia. Mwalimu mkuu aliyetengenezewa naye kamusi za shule akaenda naye mwenyewe hadi mbele ya afisa. Mama Jalada alishangaa kuona hakuna aliyemcheka.

Baada ya hapo alirudi ofisini kila asubuhi, hata pale alipoambiwa asubiri kuitwa. Kwenye kaunta, mbele ya uso wake, palikuwa na daftari kubwa la wageni lililopasuka mgongo, na kila aliyelifungua alilipasua zaidi. Vidole vilimwasha. Akaikalia mikono yake.

"Unalitazama sana daftari letu," afisa alimwambia.

"Nalitazama tu, afande. Siligusi."

Dada yake naye alipiga simu. "Leo nimemimina chai nje ya kikombe."

"Dada, nakuja. Usiende popote."

"Niende wapi na njia siioni?" Dada alicheka, lakini Mama Jalada hakucheka. Kesho yake alifika uhamiaji kabla mlango haujafunguliwa.

Hatimaye afisa alimwita, akamwekea mbele pasipoti mpya, lakini hakuiachia.

"Ikichanika?"

"Naileta kwako."

"Ikilowa?"

"Naileta kwako, afande."

"Jalada likibanduka kidogo tu, kiasi cha unywele?"

"Hata likiondoka lote. Naileta kwako."

Ndipo akaiachia.

Tiketi ilibadilishwa tarehe, na safari hii mashine haikulalamika. Ng'ambo, afisa wa mpakani alimuuliza atakaa wapi na atarudi lini, akaikagua tiketi yake ya kurudi, akagonga muhuri. Mama Jalada alipita mlangoni akiburuta sanduku, akamwona dada yake amesimama kando ya nguzo, uso umeelekea upande mwingine kabisa.

"Dada."

Dada aligeuka. Alinyoosha mikono akaupata uso wa mdogo wake, akauvuta. "Sogea. Sogea zaidi." Pua zao zilikaribia kugusana. Alitazama kwa muda mrefu.

"Una mvi," alisema.

"Unaziona?"

"Naziona. Nyingi, tena hujazichana."

Walicheka na kulia kwa pamoja mpaka wapita njia wakawapisha. Walipoketi, Mama Jalada alisimulia kisa cha pasipoti, na dada akacheka hadi akashika mbavu. Kisha kicheko kikamwishia.

"Usidhani nakucheka wewe," alisema. "Wagonjwa wa wodi nzima niliwapeleka wakapimwe macho. Yangu yalipoanza kunisumbua, nikajitilia matone ya kabatini mwaka baada ya mwaka. Nilijiambia, mimi muuguzi, nikamuulize nani? Ningekwenda kwa daktari siku zile, leo ningekuona tangu kule mlangoni."

Mama Jalada alimshika mkono kwa nguvu. "Na sasa? Kliniki unakwenda?"

Dada alitikisa kichwa.

"Basi milima itatungoja. Kesho tunaanza kwa daktari, na mimi ndiye nitakayekupeleka. Kilichobaki hakipotei nikiwa hapa."

"Nami nitakwenda," dada alisema, "kwa kuwa nina mtu wa kunipeleka."

Mmoja alitibu vitabu, mwingine alitibu watu, na kila mmoja alihitaji mkono wa mtu mwingine ili apone. Kweli, mganga hajigangi.