Dirisha la Amiens na Kiti cha Bi Esha

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya majini bali ya juzi tu, simu za picha zimeshaingia, aliishi Lamu mshona kofia aitwaye Bi Esha. Mwanawe wa pekee, Famau, alikuwa mpishi mjini Lille, kaskazini ya Ufaransa. Siku moja Famau akamtumia mamake picha ya dirisha la kanisa kuu la Amiens: duara kubwa la mawe na vioo vya rangi, limechanua kama ua.

Bi Esha akaisogeza simu mpaka puani, maana macho yake yalishaingia ukungu, na daktari kasema dawa hakuna. Akatazama. Akapiga ukelele.

"Mwizi huyu ni nani? Hii si kofia yangu?"

Na kweli, ukiondoa rangi, lilikuwa sawa na sehemu ya juu ya kofia ya vito, ile ya vitundu vilivyozungushiwa uzi, mshono kwa mshono. Tangu hapo roho haikumtulia. Akaapa mbele ya ukoo: "Atakayenionyesha dirisha lile nikaliona barabara, macho yangu hayajafunga, kiti cha enzi kilichomo nyumbani mwangu ni chake. Mmoja tu. Kiti hakipasuliwi kama kuni."

Kiti chenyewe ni cha mpingo, nakshi za pembe mgongoni, ukikikalia hata mkopaji sukari anakuita bwana. Famau alikitaka kwa kuwa ndiye mwana. Bwanakheri, ndugu mdogo wa Bi Esha, alikitaka kwa kuwa kilikuwa cha baba yao naye akarukwa. Swabra, mke wa Famau, alikitaka kwa kuwa alikalishwa juu yake siku ya harusi, na toka siku ile kila kiti kingine anakiona kigoda. Ukiniambia mume na mke ni kitu kimoja, basi wewe hujaoa.

Famau akawaita Lille mama na mjomba wake, mjomba akinung'unika kuwa safari ni upuuzi, akaazima gari, akampakia na Swabra, wakaanza kuzunguka miji, Amiens iwe ya mwisho.

Pale Lille wakaingia nyumba ya michoro ya kale. "Umeona, mama?"

"Nimeona ukungu uliotiwa fremu."

Wakaenda Arras, kwenye viwanja vya nyumba zilizobanana, vilele vyake vimejiviringa kama mkia wa kinyonga. "Umeona, mama?"

"Nimeona ukungu uliosimama wima."

Wakaenda Rouen, kwenye saa kubwa yenye mkono mmoja, iliyokaa juu ya njia ya watu. "Umeona, mama?"

"Nimeona ukungu wa dhahabu."

Wote wakacheka. Bi Esha naye alicheka, lakini vidole vyake viliukaza mkono wa ndugu yake. Miji inakwisha, na macho yanakwisha.

Wakafika Amiens, mvua ya rasharasha. Mlangoni Bi Esha akavua viatu, akasimama juu ya jiwe la baridi, akaita: "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. "Hodi wenyewe!" Kimya. Akavaa viatu.

"Turudi."

"Mama! Umetoka Lamu mpaka hapa!"

"Nyumba isiyoitika hodi haiingiwi. Nilikuzaa wewe, sikukulea?"

"Hili ni kanisa, mama, si nyumba ya jirani."

"Basi ndilo hasa lenye mwenyewe!"

Famau akashika kichwa. Swabra akawapita. Akapenya ndani, akamkamata mlinzi mmoja mzee mwenye funguo kiunoni, akamfundisha kwa mikono na macho. Yule mzee akatoka, akainama, akatamka kwa taabu: "Karibuu."

"Ahaa!" Bi Esha akasema. "Watu wenye adabu." Akaingia.

Ndani giza. Jua limefunikwa na mawingu. Famau akamwelekeza mamake lilipo dirisha. Bi Esha akainua uso, akatafuta, akatafuta. "Leo hata ukungu siuoni," akasema polepole.

Famau akatazama saa. "Mama, gari la watu. Twende."

Bwanakheri akavua kofia yake, iliyoshonwa na dadake mwenyewe, akaivisha juu ya ngumi. Akakishika kidole cha dadake, akakiweka katikati. "Kitovu hiki hapa. Sasa panda. Tawi hili linagawanyika mara mbili, kama hapa ulipobana uzi. Ukingoni kuna vijicho, kama hivi vyako." Kidole kikapapasa, kikatembea, kikazunguka duara lote.

Mara jua likatoboa wingu. Rangi zikaja. Bi Esha akainua uso. Nyekundu, buluu, kijani, kila moja ikaenda kukaa mahali ambapo kidole kilikwisha kupita.

"Naliona! Naliona lote!" Akaangua kicheko kilichogonga paa. "Mwizi kashona kunishinda!"

Garini, moto ukawaka.

"Kiti changu," akasema Famau. "Bila mimi angeonea wapi? Lamu, kwenye simu?"

"Ulimleta mlangoni ukashindwa na mlango!" Swabra akamkata. "Bila mimi mavyaa angeona viatu vyake tu."

"Ulimtoa mzee wa watu neno asilolijua. Karibu gani hiyo?"

"Aliinama, hakuinama?"

Bwanakheri akakohoa. "Watoto, nyinyi mlimfikisha gizani. Mimi nilimwonyesha."

"Jua lilimwonyesha, mjomba!" wakasema wote wawili, kwa mara ya kwanza siku ile wamekubaliana. "Tena ndiwe uliyesema safari hii upuuzi!"

"Nilisema. Nikaja."

Bi Esha amefumba macho kiti cha nyuma, kila neno analisikia. Kiapo ni kiapo, na alitaja mtu mmoja tu.

Nami nakutazama wewe uliyekunja nne hapo. Usiniambie "wote wamestahili". Hilo ni jibu la mwoga, na kiti ni kimoja. Aliyemfikisha, aliyemfungulia, au aliyeongoza kidole? Sema wazi, na mwenzio akupinge: Bi Esha ampe nani kiti?