Fundo Lililolegea kwenye Sari ya Bibi Harusi

Ndugu zangu, tulieni kidogo, na ninyi mlioegemea nguzo kule nyuma fumbueni macho, maana leo nazungumza habari za nguo. Kina mama upande wa pili wa pazia najua wameshatega masikio.

Mmeziona zile sari nyekundu zenye vidoa vyeupe na vya manjano, vidogo kama punje za mtama? Mwanamume wa hapa atakwambia hiyo ni chapa ya kiwandani, atoe bei ya chapa, halafu ashangae mke amenuna. Huko Gujarat, Bara Hindi, kila kidoa ni fundo. Mwanamke anafinya nguo kwa ncha ya ukucha, anazungusha uzi, anakaza, anahamia fundo la pili. Palipofungwa, rangi haipenyi. Nguo inatiwa manjano kwanza, inafungwa tena, na mwisho inazamishwa kwenye nyekundu. Kosa lolote la nyuma linarekebishika. Ikishaonja nyekundu, basi tena.

Na wana desturi yao. Sari ya bibi harusi fundi haifungui. Inapelekwa harusini na mafundo yake, imejikunja yote, na wanawake wawili wanashika ncha na kuivuta mbele ya watu. Mafundo yanafyatuka, na hapo ndipo fundi mwenyewe anaiona kazi yake kwa mara ya kwanza, pamoja na kila mwenye macho.

Basi kulikuwa na mama mmoja, fundi wa kufunga sari hizo, jina lake limetangaa mji mzima. Alifanya kazi na mke wa mwanawe, nguo moja, huyu upande huu na yule upande ule. Mkali, huyo mama! Asubuhi ya siku ya kutia nyekundu alipitisha kidole upande wa yule binti, mkwewe, akakuta mafundo mawili matatu hayakukaza.

"Hii ndiyo kazi?" akafoka, majirani wanasikia. "Unataka bibi harusi wa watu avae matope kichwani? Fungua! Funga upya!"

Binti akafungua, akafunga upya, machozi yanamlengalenga. Mchana wakabeba nguo mpaka kwa mtia rangi. Moto ulikuwa umeshawashwa, pipa linatokota, vibarua wamekunja mikono ya mashati wanangoja. Yule mama akapitisha kidole mara ya mwisho, kwa mazoea tu, upande wake mwenyewe.

Kidole kikasimama.

Pale kwenye ukingo, sehemu inayokaa juu ya paji la uso, uzi ulikuwa unazunguka kama pete kwenye kidole kilichokonda. Si fundo moja, ni mafundo ya eneo la kiganja kizima. Akakumbuka siku ile, alikuwa anafunga huku anapiga soga na jirani, tena soga yenyewe ya kumsengenya mkwe wake.

"Mama, imekaza yote?" akauliza mtia rangi.

Sasa niambieni. Kulikuwa na ugumu gani? Aseme, "Bado, irudisheni nyumbani," nguo ifungwe upya, moto uwashwe kesho. Lakini asubuhi hiyo hiyo amemfokea mtoto wa watu mbele ya majirani! Ataanzia wapi? Vibarua wanamtazama. Mtia rangi anamtazama. Na binti amesimama nyuma yake, ameshika beseni.

"Yote," akasema. "Tia."

Nguo ikazama. Ndugu zangu, tangu siku hiyo yule mama hakuonja usingizi mtamu. Sari ilikauka, ikapelekwa, wenyewe wakaishika na mafundo yake na kusema mashallah. Kila sifa ilimchoma. Akawa anaomba harusi iahirishwe, mara mvua inyeshe, mara bwana harusi apate safari. Mtu mzima anaomba hivyo! Mnacheka? Hatujawahi kuomba dua za namna hiyo sisi?

Siku ikafika. Ukumbi umejaa wanawake, manukato, watoto wanakimbizana. Wawili wakashika ncha wakavuta. Vidoa vikajitokeza, vyeupe, vya manjano, safi, watu wakashangilia. Kisha ukingo ukafunguka. Hapo penye paji la uso palikuwa na baka jekundu, chafu, limevuja kila upande na kumeza vidoa. Vigelegele vikakatika.

Mama wa bwana harusi akauliza taratibu, "Mkono wa nani huu?"

Yule mama fundi akafungua mdomo. Na kabla hajapata neno, binti akasogea mbele.

"Wangu," akasema. "Mama alinionya, mimi ndiye sikukaza."

Wakamgeukia. Maneno aliyopewa pale sitayarudia msikitini. Akaambiwa hatashika tena sari ya bibi harusi katika mji ule, na mkono wake ndio riziki yake. Na kwa mama mkwe? Wakampa pole! Wakasema, maskini, fundi mzuri hivi kaharibiwa kazi. Akapokea pole hizo, kila moja.

Wakatoka. Njiani mama akasimama. "Mwanangu," akasema, "lile baka halikuwa lako."

"Najua, mama."

"Unajua?"

"Kule kwenye pipa nilikiona kidole chako kiliposimama."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe useme. Nilikusubiri siku ile. Leo nimekusubiri tena mpaka nikaona utaanguka mbele za watu."

Yule mama akageuka papo hapo. Akarudi ukumbini, wageni bado wana vyakula mikononi, akasema yote mbele yao. Hakuna aliyempa pole safari hii. Lakini siku iliyofuata wenye harusi wale wale waliwaita wote wawili, wafunge sari nyingine.

Ndugu zangu, tunajidanganya kwamba hakuna aliyeona. Mola wetu alikuona palepale, kidole kiliposimama nawe ukasema "yote". Hakukuaibisha. Umekula, umelala, umesifiwa, ukadhani ni kwa sababu hakujua. Anajua. Anakusubiri useme. Na sisi tunaitumia subira yake kumwacha mwingine abebe lawama yetu: mke, mdogo wako, mfanyakazi wa dukani uliyemfukuza kwa kosa unalolijua ni la nani.

Huenda mtu huyo aliyebeba lawama yako yumo humu humu, safu ya mbele yako. Tukishatoa salamu ya swala, mfuate umwambie kabla hajafika kwenye viatu vyake.