Pikipiki ya Bi Breki

Mtu aliyekasirika hujiona simba, kumbe mara nyingi ni kitoweo. Yeye ananguruma, wenzake wananoa visu. Anayebisha na asikilize yaliyompata Bi Breki, mwanamke ambaye hakuna muuzaji wa magari aliyewahi kumwingiza mjini.

Jina hilo alipachikwa na wanafunzi wake. Alifundisha udereva miaka thelathini, akiwa amekaa ubavuni mwao na kusema, "Breki, breki, breki," mpaka kwenye mzunguko ulio mwisho wa mji. Kutoka hapo barabara kuu ilinyooka ikaenda zake hadi mpakani, lakini kanuni ya chuo ilikuwa kugeuza. Wanafunzi wake wakihitimu waliipita njia ile wakaona dunia. Yeye aligeuza. Mumewe alipofariki na yeye akastaafu, aliapa kwamba hatageuza tena. Alitaka pikipiki kubwa ya safari ndefu, yenye masanduku ubavuni na kioo cha kukinga upepo, na kiinua mgongo chake kilitosha kununua iliyotumika tu.

Aliipata kwenye yadi moja, jirani na mahali pa kuoshea magari. Muuzaji alikuwa kijana mwenye ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. Bi Breki hakujishughulisha na ulimi huo. Alipiga magoti vumbini, akapapasa mnyororo, akabonyeza matairi, kisha akasogeza kiganja karibu na injini.

"Mbona ina moto?" aliuliza.

"Nimeizungusha kidogo, mama. Nilitaka uikute tayari."

"Injini ya moto ni kama bwana harusi, imeshaoga na kujipaka mafuta, lazima ipendeze. Kesho nakuja mapema niisikie ikiwa imelala. Na kiti hiki utanifungulia, nione chini yake."

"Hamna shida, mama yangu," kijana alijibu, ila tabasamu lilikuwa limeshamnyauka.

Kesho yake jua halijakolea Bi Breki alifika, akamkuta mwanawe wa kwanza amesimama kando ya pikipiki, tai shingoni, uso umemvimba. Muuzaji alikuwa nyuma yake, ameinamisha kichwa kama mtu aliye msibani.

"Mama, twende nyumbani," mwana alisema bila hata salamu. "Umri huu unatafuta nini barabarani? Kaa ulee wajukuu. Hilo dude litakuangusha hata getini hujafika, halafu watu waseme wanao tumeshindwa kukutunza."

Waosha magari waliangua kicheko. Damu ilimchemka Bi Breki. Huyu ndiye aliyesomeshwa kwa kazi ile ile ya usukani, huyu ndiye ambaye yeye mwenyewe alimshika mkono akamfundisha gia ya kwanza hadi ya mwisho. Leo anamfokea hadharani kama mtoto aliyemwaga uji.

"Nimekuzaa, hukunizaa," alimwambia. "Nilikulea bila kukuomba ruhusa, na nitapanda ninachotaka bila kukuomba ruhusa."

"Kaka, usigombane na mama," muuzaji aliingilia kwa upole. "Mwache tu akapumzike. Kuna mzee mmoja anaitaka hii, mwanaume wa nguvu, ataimudu."

"Nani kakwambia nimeiacha? Lete karatasi nitie sahihi."

"Huisikilizi kwanza, mama? Na kile kiti je?"

"Nimesema lete karatasi. Nimesikiliza ya kutosha leo."

Akalipa yote, akaagiza iletwe nyumbani, akaondoka bila kumtupia mwanawe jicho. Jioni pikipiki ilishushwa uani kwake, inang'aa. Usiku ule alijaza masanduku nguo na chai ya unga, akaona amekomesha wenye dharau wote.

Asubuhi alivaa glavu, akawasha. Pikipiki ilikohoa, ikakataa. Akawasha tena na tena, mpaka ilipokubali kuwaka, ua wote ukajaa moshi wa buluu, na injini ikagonga kama sufuria yenye kokoto. Aliizima. Akachukua spana, akafungua kiti mwenyewe. Chini yake chuma kilichobeba mwili mzima wa pikipiki kilikuwa kimekatika, kikachomelewa ovyo, kikapakwa rangi. Ambaye angeipanda kwenye barabara kuu angezikwa nayo. Bi Breki alikaa chini pale uani, akalia kwa hasira.

Alirudi yadini akiwaka. Muuzaji alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, nilikuuliza mbele ya watu kama utaisikiliza. Nikakukumbusha na kiti. Wewe ulinijibuje?" Akanyoosha karatasi. "Na hapa umekubali kuichukua kama ilivyo."

Bi Breki akaibeba hasira yake mbichi mpaka kwa mwanawe.

"Umeridhika sasa?" alimfokea mlangoni. "Usingekuja na kejeli zako ningeikagua. Barabara yangu umeifunga wewe."

"Mama, uliniambia kwamba unakwenda pale?"

"Sikumwambia mtu."

"Basi jiulize nilijuaje." Akatoa simu mfukoni. "Gari langu huoshwa pale, yule kijana ana namba yangu, na anajua wewe ni mama yangu. Ndiye aliyenipigia. Alisema, 'Kaka, mama yako anataka kujiua. Njoo asubuhi na mapema, kabla hajaigusa, na useme naye kwa ukali, maana mpole hamsikii.' Nikapandwa na hasira, nikaja. Na nilimshukuru, mama. Nilimshukuru kwa moyo wote."

Wakatazamana, mama na mwana, na kila mmoja akaona aibu ya mwenzake ilivyo sawa na yake. Kule yadini kijana hakuwa amemlazimisha mtu, wala hakupandisha sauti hata mara moja. Alisogeza chombo chake tu akangoja, wakaruka wenyewe wakaingia. Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi.