Barua Mbili za Bi Shuweikha

Sifa huchacha, kosa halichachi. Mmenisikia nikilisema hilo mlipokuwa mkizichambua insha zenu, mkaniuliza nimelitoa wapi. Mwanzo wake ni huu, wajukuu zangu.

Bi Zamda wa Pangani na Bi Shuweikha wa Mombasa walisoma chuo kimoja cha Kurani utotoni, na wote wawili wakawa watunzi. Zamda alifiwa na binti yake wa pekee, Rukaya, akamtungia utenzi. Kitabu kilipochapwa, nakala ya kwanza alimpelekea Shuweikha, akamwarifu kuwa ameanza utenzi wa pili, wa utoto wa Rukaya.

Shuweikha alikisoma kwa siku moja, akalia hadi ushungi ukalowa. Kisha akashika kalamu. Akawaza: kitabu hiki kinastahili kusifiwa kwa shairi zima, nami nitalitunga taratibu. Kwanza nimwonyeshe makosa, ayasahihishe kabla hakijachapwa tena. Akajaza kurasa tatu: hapa mizani imepungua, hapa kina kimevunjika. Barua hiyo akaitia posta.

Shairi la sifa lilimchukua miezi miwili. Alilipeleka, jibu lisije. Akapanda basi, akaenda mwenyewe.

Zamda alimpokea vizuri, akamwandalia chai na vitumbua.

"Shairi langu lilifika?" Shuweikha akauliza.

"Lilifika, shoga. Zuri sana."

"Na ule utenzi wa pili, wa utoto wa Rukaya?"

"Nimeuchoma."

Shuweikha akaweka kikombe chini. "Umeuchoma! Kwa nini?"

"Barua yako ya kwanza niliisoma mara nne nikilitafuta jina la mwanangu. Halikuwamo. Nikasema, ikiwa Shuweikha hakumwona Rukaya humu, basi mimi sikumwandika."

"Nililia, Zamda! Nilitaka tu nikupe maneno yanayokustahili."

"Sasa najua. Lakini sifa ni kama wali wa nazi, ukilala huchacha. Makosa ungeyaweka hata mwaka, yangenifaa vilevile."

Wakalia pamoja. Shuweikha alimsihi autunge upya; Zamda akajaribu, beti hazikurudi. Hakutunga tena mpaka alipofariki.

Tangu siku ile, Shuweikha akiletewa kazi ya mtu, alianza kwa kusema alichokipenda, papo hapo, kwa maneno yoyote yaliyomjia. Vijana walipomuuliza mbona hangoji kuyapanga, aliwasimulia habari za Zamda bila kujificha, kisha akasema: Sifa huchacha, kosa halichachi.