Baraza la Makosa la Wahunzi wa Kaduriani

Aliutawala mji wa Kaduriani Sultani Nabahani bin Seifu, mfalme mwenye ngao nyingi na subira kidogo, na katika mji huo wahunzi walikuwa na desturi isiyoandikwa na kadhi wala kuamriwa na waziri. Kila mwaka, mvua zikishakatika, waliburuta fuawe na mivukuto yao mpaka uwanja wa mchanga nje ya ukuta, wakawasha makaa peupe na kuchoma mihogo, na kila mmoja akatoa mbele ya wenzake kazi mbovu kuliko zote alizofua mwaka ule, nao wakamcheka kwanza na kumfunza baadaye. Waliliita Baraza la Makosa, na halikuwa na mkubwa wala mwaliko.

Sasa alikuwako mhunzi aitwaye Sarahani bin Mkubwa, ambaye kwa miaka saba alikuja barazani mikono mitupu, maana hakuwa na kazi mbovu ya kuonyesha. Usimwonee wivu, msikilizaji. Mtu huyo alifua kutoka alfajiri hadi magharibi kwa sababu moja tu, kwamba aliogopa kukaa bure na kumkumbuka mkewe Nurulaini, mwanamke asiyejulikana kwao wala ukoo wake, aliyemwoa kwa mapenzi makubwa na kukaa naye siku saba za fungate, na siku ya saba akajitwika mtungi, akasema anakwenda kisimani, asirudi tena. Sarahani alimtafuta mpaka nyayo zikapasuka, na upande wa kitanda aliolalia mkewe hakuugusa hata kwa kufagia.

Asubuhi ya baraza la mwaka wa saba alimjia mjumbe wa Sultani, akainama na kusema:

"Sultani wetu anakusalimu, ewe fundi wa mafundi, na anasema: panga zako zimeulinda mji wetu, nasi hatupendi mkono kama huo ukaukie katika upweke. Kadhi amekwisha kutoa hukumu kwamba mke aliyetoweka miaka saba, ikiadhiniwa alasiri ya leo naye hajaingia nyumbani mwake, ndoa yake imekwisha. Na baada ya sala utamwoa binti wa ndugu yetu, na neno la mfalme halirudi nyuma."

Sarahani akajibu, "Nimesikia na nimetii," na kinywa kilisema hivyo, lakini moyo ulikuwa unalia. Akaenda uwanjani, maana hakujua pengine pa kwenda.

Wenzake walikuwa wamekwisha kucheka majembe yaliyopinda na kufuli lisilofunguka hata kwa ufunguo wake. Katikati yao aliketi Bwanaheri, fundi mnene mwenye maneno mengi, na kando yake ulijivukuta wenyewe mvukuto wa ngozi ambao ndani yake babu yake alimfunga jini aitwaye Shamhuruji, na jini huyo alipuliza makaa mchana kutwa bila kuguswa, wala hakuwahi kusema neno.

"Haya, Bwana Sina Kosa," akasema Bwanaheri, "leo nawe utatoa nini? Au umekuja kula mihogo yetu tu?"

"Ndugu zangu, leo nina kosa, ila silijui," akasema Sarahani, na akawaeleza habari ya alasiri. "Nilimfanya nini mwanamke yule? Sikumpiga, sikumtukana. Kila siku namtamani kama mwenye saumu anavyoitamani magharibi. Hata majirani wananihurumia, maana kila alfajiri nakuta mtungi wa maji baridi nje ya mlango wangu, wala sijui nani huuweka."

Mvukuto ukasita. Makaa yakafifia, na wahunzi wote wakageuka.

"Enyi wana wa Adamu," ikasema sauti kutoka ndani ya ngozi, "mna mikono mirefu na akili fupi! Fundi, siku ile ya saba, mkeo alipokwenda kisimani, wewe ulifanya nini?"

"Nilifanya ada ya wahunzi. Nilifua msumari wa fungate, nikaupigilia juu ya mlango, ili jini asiingie nyumbani mwangu na kumdhuru mke wangu."

"Na mkeo ni binti wa ami yangu," akasema Shamhuruji.

Hakuna aliyecheka. Bwanaheri alijishika kichwa kwa mikono miwili, maana pale uwanjani hapakuwa na mtu ambaye hajapigilia msumari kama ule kwa furaha na nia njema.

Sarahani akakimbilia nyumbani kwake, nao wakamfuata na makoleo na nyundo zao kuung'oa msumari. Lakini msumari ule aliufua akiwa na mapenzi mapya, na katika maisha yake hakuwahi kufua chuma kizuri kama kile. Koleo la kwanza likavunjika, na la pili, na la Bwanaheri lililorithiwa kwa babu, na jua likaendelea kushuka, na mwadhini akaonekana akipanda ngazi za msikiti.

"Vunjeni ukuta!" akapiga kelele Sarahani.

"Nyumba nzima itaanguka, ndugu yangu!"

"Na ianguke! Nakaa na nani humo?"

Basi wahunzi wakaupiga ukuta kwa nyundo, na mlango na fremu na msumari vikang'oka pamoja, vikabebwa na kutupwa mbali, na vumbi likajaa njia yote. Na kutoka katika vumbi lile akatokea mwanamke mwenye mtungi kichwani, akavuka kifusi kwa uangalifu ili maji yasimwagike, akaingia, akautua. Ndipo mwadhini akaadhini.

Sarahani alipiga magoti, akasema, "Nilidhani umeniacha."

"Nami nilidhani umenifukuza, bwana wangu," akasema Nurulaini, huku machozi yakimtoka. "Nilirudi na maji nikakuta chuma mlangoni kwangu. Nikasema, amejua mimi ni nani, amenichukia. Nikaona, basi, angalau maji yangu na ayanywe."

Habari ilipofika kwa Sultani, alikasirika kwanza, kwa kuwa ndiyo tabia yake, kisha akacheka. Akawapa nyumba mpya iliyofungwa kwa kamba na vigingi vya mti bila chembe ya chuma, na bustani na mali ya kuwatosha, na binti wa ndugu yake akamwoza mtu aliyemtaka mwenyewe. Sarahani hakuacha uhunzi, wala mkewe hakumwomba auache. Alifulia peupe, mbali na nyumba, na jioni aliacha nyundo zake huko huko, akajisugua kwa mchanga na ndimu mpaka harufu ya chuma itoke, ndipo akaenda kwake.

Hapa ndipo waliotusimulia walipotufikisha, nasi tumekufikisha. Na mwenye kuachwa na ampendaye, kabla hajauliza yule amekwenda wapi, atoke nje kwanza, asimame pale anaposimama mgeni, autazame mlango wake.