Meno Meupe ya Mwaka wa Ukame

Saa moja na robo asubuhi, Jumatatu tarehe 5 Aprili 1982, Dokta Mervyn Tranter alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi la shamba la kondoo nje ya mji wa Hay, mswaki mkononi, akisugua meno ya mwigizaji. Mwigizaji huyo, Lindsay Crouch, alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, kinywa wazi kama kinda la ndege. Kila mswaki ulipopita, rangi nyeusi iliyopakwa kwa saa nzima ilibanduka, na meno yakabaki meupe kama maziwa ya kopo.

"Dokta, unafanya nini?" aliuliza Roslyn Haddrick, mwongozaji wa filamu.

"Namwokoa. Tema, bwana. Vizuri. Tema tena."

"Huyo ni mchunga kondoo wa mwaka 1902! Hajaona mswaki tangu azaliwe."

"Basi angekuja kwangu."

"Ulikuwa hujazaliwa!"

"Hilo si kosa langu," alisema Dokta Tranter, akasugua gego.

Roslyn alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita. Kwa miaka saba alikuwa akiandika filamu moja tu, habari ya babu yake aliyepoteza kondoo elfu tatu katika ukame wa mwaka 1902, kisha akatembea kwa miguu hadi Hay akiwa amebakiwa na mbwa mmoja. Benki tatu zilimkatalia mkopo. Ya nne haikujibu. Ndipo serikali ilipoleta sheria mpya ya kodi. Mtu binafsi aliyeweka dola mia katika filamu ya nchini aliruhusiwa kuondoa dola mia na hamsini kwenye mapato yake yanayotozwa kodi. Ghafla, nchi nzima, kutoka Perth hadi Cairns, madaktari, mawakili na wauza magari wakagundua kwamba siku zote walikuwa wapenzi wa sanaa. Sharti gumu lilikuwa moja: filamu ikamilike na kuonyeshwa kwa watu waliolipa kiingilio kabla mwaka wa kodi haujafungwa tarehe 30 Juni. Ikichelewa siku moja, nafuu hiyo inapotea.

Dokta Tranter, mwenye kliniki tatu za meno mjini Wagga, aliweka dola laki moja na themanini elfu. Keith Ormsby, mfugaji wa kondoo wa sufu aina ya merino, wa kizazi cha tano na mwenye shamba lile, aliweka laki moja na ishirini elfu. Wote wawili waliomba kitu kimoja kidogo, nacho kikaandikwa kuwa kifungu cha tisa cha mkataba: mwekezaji anaweza kukataa picha yoyote itakayoishushia hadhi kazi yake. Roslyn alitia saini bila kusita. Mwongozaji asiye na fedha ni sawa na mkata sufu asiye na mkasi. Tena alijiuliza, daktari wa meno na mfugaji watakuwa na nini cha kukataa katika filamu ya ukame? Hapo ndipo alipojikwaa.

Saa tatu kasorobo, Keith Ormsby aliwaleta kondoo mia mbili. Roslyn aliwatazama, akavua kofia, akaivaa tena. Walikuwa wamenona hata walitembea kwa kuyumba kama maharusi waliovaa viatu vipya.

"Mzee Keith, hawa wanatakiwa kuwa wanakufa njaa."

"Mama, katika shamba hili kondoo hafi njaa."

"Ni maigizo tu."

"Mbavu haziigizi. Nina wateja hadi Japani. Wakiziona mbavu za kondoo wangu kwenye sinema, nani atanunua dume langu?"

"Basi niazime kondoo wa jirani. Wale wamekonda wenyewe, bila kuongozwa."

Keith alitoa mkataba mfukoni mwa koti. Ulikuwa umekunjwa mara nne na kifungu cha tisa kimepigiwa mstari. "Hapa pameandikwa kazi yangu. Kazi yangu ni kondoo. Wangu, wa jirani, wa shetani, wote."

Roslyn aliona maji yamemfika shingoni. Ukame wake ulikuwa umebakiwa na kondoo wanene na wachungaji wenye tabasamu la kuuzia dawa ya meno. Hiyo haikuwa habari ya babu yake. Lilikuwa tangazo la biashara lenye mandhari ya kusikitisha. Na siku zilizobaki hadi mwisho wa Juni zilikuwa themanini na sita. Aliingia kwenye gari lake, akafunga mlango, akausoma mkataba kwa dakika arobaini huku pai ya nyama ikipoa juu ya usukani. Aliposhuka hakuwa na hasira tena, jambo lililowatia wasiwasi waliomjua.

"Dokta, hutaki meno meusi yaonekane?"

"Kamwe! Wagonjwa wangu watasema nini?"

"Nami meupe siyaonyeshi. Kwa hiyo hayataonekana ya rangi yoyote. Lindsay, funga mdomo."

"Mpaka saa ngapi?" aliuliza Lindsay.

"Mpaka tumalize filamu."

"Roz, nina kurasa arobaini na moja za maneno!"

"Utayasema ukiwa umetupa mgongo."

"Watu watoe pesa yao kutazama kisogo changu?"

"Ni kisogo kizuri," alisema Dokta Tranter, ambaye hamu yake ilikuwa imekwisha timia.

Kondoo nao walipata dawa yao. Roslyn aliagiza pikipiki mbili zizunguke kundi mpaka vumbi likapanda kama ukuta, kamera ikapiga picha ya vumbi. Ndani yake milio ya kondoo ilisikika, lakini hapakuonekana hata ukwato. Keith alisimama kando ya kamera, macho yamemtoka.

"Kondoo wangu wanaonekana?"

"Hata mmoja."

"Wamekonda?"

"Wewe waonaje?"

Keith aliinama, akachungulia ndani ya vumbi. Alitafuta pa kushika asipapate, akaenda kunywa chai.

Kazi ya shambani iliisha tarehe 8 Mei. Roslyn alirudi Sydney na kujifungia chumba cha kuhariria. Hapo likazuka jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Maneno ya Lindsay, aliyoyasema akiwa ameipa kamera mgongo na uso umeelekea upepo, hayakusikika. Kurasa arobaini na moja zilikuwa zimekwenda na upepo wa magharibi. Lindsay mwenyewe alikuwa Brisbane akiigiza polisi kwenye televisheni, na alitaka malipo mapya ili aje kuyarudia. Roslyn aliingia mwenyewe kwenye chumba cha kurekodia. Alimwambia fundi wa sauti kwamba atasoma barua ya babu yake tu, dakika mbili za mwanzo. Alipomaliza kuhariri, filamu ilikuwa na dakika tisini na moja, na sauti yake ilisikika katika themanini na tatu.

Jumanne tarehe 29 Juni, saa nne asubuhi, filamu ilionyeshwa katika ukumbi wa sinema wa Hay kwa watazamaji watatu: wawekezaji wawili, na Lindsay aliyekuja kwa basi kwa nauli yake. Mezani paliwekwa hati ya kuthibitisha kwamba filamu imekamilika. Bila saini za wawekezaji wote wawili, makopo sita ya filamu yangerudi Sydney kama mzigo wa bati, na miaka saba ya Roslyn pamoja nayo.

Taa ziliwashwa. Wa kwanza kusema alikuwa daktari.

"Sijaona jino hata moja."

"Ndivyo tulivyokubaliana, Dokta."

"Tulikubaliana yasiwe meusi! Mimi nimemsafisha yule mtu kwa mkono wangu mwenyewe!"

"Na mimi nimelipia vumbi," alisema Keith. "Laki moja na ishirini elfu za vumbi. Ninalo kwangu, bure."

"Na huyo mama anayeongea mwanzo hadi mwisho ni nani?" aliuliza Lindsay.

"Mimi," alisema Roslyn.

"Sasa mimi nafanya nini humo ndani?"

"Wewe unatembea. Na unatembea vizuri sana."

Keith aliisukuma hati kando. Alisema hatii saini mpaka iongezwe picha ya dume lake kubwa akiwa amesimama kilimani, japo dakika moja. Dokta Tranter naye alitaka mchungaji atabasamu mwishoni, kwa kuwa watu hawapendi kutoka sinema wakiwa na huzuni. Roslyn aliufungua mkataba juu ya meza.

"Kifungu cha tisa kinawaruhusu kukataa. Haya, kataeni. Dokta, nionyeshe jino bovu."

"Hakuna jino lolote!"

"Mzee Keith, nionyeshe kondoo aliyekonda."

"Ningemwona wapi?"

"Basi hakuna cha kukataa. Kuagiza hakumo, tafuteni kama mtapaona. Na kesho tarehe ngapi?"

Dokta Tranter alitazama dari, midomo ikichezacheza. Laki moja na themanini elfu, na nusu yake juu. Keith naye alikuwa akipiga hesabu kwenye vidole, na vilipokwisha vya mkono mmoja uso wake ulibadilika rangi.

"Dume lingeonekana vizuri pale kilimani," alisema kwa huzuni.

"Hay haina kilima, Mzee Keith."

"Hilo nalo ni kweli," alisema, akachukua kalamu.

Dokta alitia saini baada yake, kwa mwandiko ambao hakuna mfamasia angeusoma. Roslyn aliikunja hati, akaitia mkobani.

Siku iliyofuata, saa nane mchana, watu arobaini na watatu walilipa kiingilio. Wawili walitoka katikati, wakarudi na vibanzi. Katika dakika ya themanini na nne vumbi lilitulia kwenye kioo, na uwanda ukabaki mtupu, bila kondoo, bila mti, bila mtu. Sauti ya Roslyn, iliyokuwa haijanyamaza tangu mwanzo, hapo ilinyamaza. Mkulima wa safu ya tatu alivua kofia. Aliyekaa kando yake akavua yake, kisha safu nzima. Hakuna aliyeamrisha. Filamu ilipoisha, watu walibaki wamekaa kwa dakika nzima, vibanzi vikipoa mapajani.

Mlangoni alisimama mwandishi wa gazeti la mji. Aliuliza swali moja: ule ukimya na lile vumbi vilikuwa wazo la nani?

"Langu," alisema Dokta Tranter kabla swali halijakamilika. "Niliamuru siku ya kwanza kabisa: midomo ifungwe. Kinywa kilichofungwa kina heshima yake."

"Andika kwamba vumbi ni la Ormsby," alisema Keith. "Vizazi vitano. Vumbi la namna ile hulipati kwa jirani."

"Watu wa kawaida huigiza kwa uso," alisema Lindsay. "Mimi nimechagua kisogo."

Mwandishi alimgeukia Roslyn, ambaye alikuwa amesubiri zamu yake kwa utulivu mkubwa.

"Wewe andika tu," alisema Roslyn, "imeandikwa, imeongozwa, imehaririwa na kusimuliwa na Haddrick."

Gazeti lilitoka Ijumaa tarehe 2 Julai, na maelezo yote manne yalichapishwa ukurasa wa tatu, safu moja, kama yalivyotolewa. Hakuna hata mmoja kati ya wanne hao aliyeandika barua kuomba masahihisho. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.