Kamongo wa Mbegu

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo, maana mwisho wa hadithi hii sinao. Nimeutafuta muda mrefu, na leo nawakabidhi nyinyi kazi hiyo.

Katika bonde la Nyamaseke, kando ya ziwa, waliishi watu watatu wenye vipaji. Masatu alikuwa na sikio: akilaza shavu juu ya tope lililokauka, alisikia pumzi iliyo chini yake. Majura alikuwa na mkono: jembe lake lilitoa bonge zima la udongo bila kumjeruhi aliyelala ndani. Nyakwesi alikuwa na chungu: mgonjwa aliyekataa kila chakula, supu yake aliinywa.

Aliyelala ndani ya tope ni kamongo. Nilipojifunza kusoma, nikiwa tayari nina wajukuu, nilisoma kwamba ukoo wa samaki huyu ulivuta hewa kwa mapafu kabla ndege wa kwanza hajaruka na kabla ua la kwanza halijachanua. Maji yakikauka, hujichimbia topeni, hujifunika kwa utando wa ute wake, huacha tundu dogo la kupumulia, kisha hulala. Hulala mwaka, pengine miaka mitatu, akijilisha nyama ya mwili wake mwenyewe hadi mvua irudi. Mijusi wakubwa kama nyumba waliukuta ukoo huo duniani. Wao wamekwisha, nao upo.

Watu wa Nyamaseke humchimba kamongo wakamla, lakini kwa sharti. Kila kiangazi huachwa wawili wakubwa, na kando ya kila tundu huchomekwa kijiti cha tete. Hao ni wa mbegu. Hawaguswi, hata njaa ije vipi.

Mwaka wa tatu wa ukame, Nyangeta alijifungua binti. Siku ya nne maziwa yalikuwa hayajatoka, na mtoto akaacha kulia. Bonde zima lilikuwa limekwisha kuchimbwa. Walibaki wale wawili tu. Vijiti vyao havikuonekana, kwa kuwa mbuzi wenye njaa walikuwa wamevitafuna.

Mchana huo Masatu alishuka bondeni. Alitambaa juu ya nyufa, akilaza shavu hapa na pale, mpaka akasikia pumzi nyembamba kama ya mtu anayeota. Akaweka jiwe mahali hapo, akaondoka. Hakusema neno.

Majura alilikuta jiwe. Alichimba kulizunguka kwa subira, akatoa bonge zima, kamongo akiwa hai ndani yake. Akalibeba hadi mlangoni kwa Nyakwesi, akalitua, akaondoka. Hakusema neno.

Nyakwesi alilivunja bonge. Alimsugua kamongo kwa majivu kuondoa ute, akampika mpaka mifupa ikalainika, akampelekea mzazi supu ya moto. Nyangeta alikunywa bila kuuliza ni samaki gani. Alfajiri maziwa yalitoka, na mtoto akalia kwa sauti iliyowaamsha majirani.

Sasa, hapa Nyamaseke, mtoto aliyeponea chupuchupu hupewa jina la aliyemwokoa, tena kabla ya jino la kwanza. Na mwenye jina husimama mbele ya watu wote, akaeleza alichofanya. Nyangeta aliwaita wote watatu.

"Mpe jina la Masatu," alisema Majura haraka. "Bila sikio lake ningechimba mpaka leo."

"Niache, shemeji," Masatu alijibu. "Mimi nilisikia tu. Kusikia hakujaua kitu. Aliyenyanyua jembe ni nani?"

"Jembe lilitoa bonge, na ndani ya bonge alikuwa mzima! Angeweza kurudishwa shimoni. Muulize dada hapa."

Nyakwesi alipiga makofi kwa kejeli. "Wanaume nyinyi! Mmeniachia bonge mlangoni mkatoweka kama wezi wa miwa, leo ndiyo mnanikumbuka? Mimi ni mpishi. Kinacholetwa, napika."

"Ulijua ni kamongo yupi," Majura alisema.

"Na wewe hukujua?"

"Sikuona kijiti."

"Wala mimi sikukiona chunguni, baba."

Nyangeta aliwatazama mmoja mmoja. Hakuwahi kuona watu wakigombania heshima kwa kila mmoja kuisukumia kwa mwenzake. "Jamani," alisema, "mwanangu mnamwonea aibu?"

Siku hiyo mtoto alirudi nyumbani bila jina.

Mvua zilinyesha, bonde likajaa. Juzi nilikwenda na Nyangeta kufua. Kamongo hupanda juu ya maji kuvuta hewa, na huonekana wazi kwa anayejua kutazama. Nyangeta alitazama kwa muda mrefu, mtoto mgongoni.

"Baba, mbona safari hii anapanda mmoja tu?"

Nilimwambia aangalie asiteleze.

Naam, Nyangeta ni binti yangu. Na mlinzi wa vijiti ni mimi. Ni kazi niliyoachiwa na baba yangu. Niliwaona mbuzi wakivitafuna. Matete nilikuwa nayo uani, yamekatwa tayari. Ilinipasa kuvichomeka upya siku hiyo hiyo. Nilikaa kitini nikatazama upande mwingine, nikimwomba Mungu amlete mtu mwenye sikio, mwenye jembe, na mwenye chungu.

Asubuhi hii nimepitisha kidole kwenye ufizi wa mjukuu wangu. Jino lipo chini yake, bado halijatokeza. Watu wameitwa kesho.

Aliyesikia akaweka jiwe; aliyechimba akatoa bonge; aliyepika akanywesha; na aliyeona akanyamaza. Mkono wa mmoja wao ungekosekana, mtoto asingekuwepo, na kamongo yule asingepanda peke yake. Semeni basi, nyinyi mliosikiliza: kesho jina ni la nani, na nani asimame?